Rosa amekataliwa hifadhi, na mume wangu ndiye balozi

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu lisitokee, wala la kijiji chetu. Sema tu niko wilaya ya Tandahimba, upande wa kuteremkia mtoni. Nina miaka 43, watoto wanne, ekari sita za mikorosho na kibanda cha kuuzia sabuni, chumvi na vocha. Mume wangu ni balozi wa nyumba kumi.

Kiangazi cha 2022 nilikuwa natoka kuchimba ming'oko, nikamkuta mwanamke amekaa chini ya mkorosho wetu wa mwisho, ule wa mpakani, amempakata mtoto. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, kanga imekaukia tope mpaka magotini. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kimakonde. Si hiki chetu, ni kile cha ng'ambo, anachozungumza mama yangu mzazi. Mama alizaliwa Mueda, Msumbiji, akaletwa huku mgongoni kwa bibi wakati vita vya Mreno vilipoanza. Nilipomwongoza yule mgeni mpaka uani, mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, alimsikia akiomba maji tu, akainuka mwenyewe kumfuatia mtungi.

Nitamwita Rosa. Kwao ni wilaya ya Nangade, hukohuko Msumbiji. Kijiji chao kilichomwa usiku. Mumewe alikimbilia nyumba ya pili kumchukua mama yake mzee, na hajaonekana mpaka leo. Rosa na mtoto walilala porini siku nne, kisha wakavuka.

Tulichelewa kumpeleka kwa mtendaji wa kijiji, wiki tatu hivi, kwa sababu ya ule mguu. Alipopata nafuu alikwenda, akaandikwa, akahojiwa mara mbili kwenye ofisi ambayo siitaji. Mahojiano ya pili yalikuja baada ya miezi mingi. Mwezi uliopita ikaja karatasi, ya Kiingereza. Mwanangu wa kidato cha tatu aliisoma uani, kila mstari akisimama kutafuta neno kwenye kamusi. Ombi limekataliwa, maelezo yake yanapingana. Mara ya kwanza alisema amevuka Ruvuma kwa mtumbwi, mara ya pili akasema kwa miguu. Hakuweza kutaja tarehe ya shambulio. Hakueleza kwa nini washambuliaji wamtafute yeye hasa. Tena kwao sasa kumetulia. Anatakiwa awe ameondoka ifikapo mwisho wa mwezi huu, la sivyo ataondoshwa.

Rosa alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kifuko cha chumvi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akarudi kubangua korosho. Nilitamani alie.

Binti yake ana miaka saba sasa. Hulala na yeboyebo zake miguuni. Tulijaribu kumvua akiwa usingizini. Akishtuka usiku akazikosa, analia bila sauti, mdomo wazi tu. Pikipiki ikipita saa mbaya, utamkuta mlango wa nyuma, ameshasimama.

Sasa mume wangu. Si mtu mbaya, Shangazi, nisimsingizie. Lakini Kitaya, kijiji cha huku kwetu mpakani, waliposhambuliwa na wapiganaji wa ng'ambo mwaka 2020, mpwa wake alikuwa kule, kijana wa miaka 19, akilinda duka. Walimzika haraka haraka na mume wangu hakuwahi. Tangu hapo akisikia mtu wa ng'ambo anageuza uso. Alimvumilia Rosa kwa ajili ya mama. Karatasi ilipokuja alisema: "Serikali imeshamchunguza, imeona ni mwongo. Mimi ni nani niseme si mwongo? Na huyo mumewe asiyeonekana, unajuaje hayuko na wale?"

Ameambiwa apeleke orodha ya wageni wote wa nyumba zake kumi. Karatasi iko mezani siku ya sita leo. Nyumba tisa ameshazijaza. Ya kumi ni yetu.

Kuna kijana wa mjini amenifuata kibandani, anasema kwa laki tatu atampatia Rosa kitambulisho kama mzaliwa wa hapa. Nimeanza kuweka pembeni hela ya korosho, mume wangu hajui. Pia nina dada Masasi, ningeweza kumpeleka huko usiku. Au nimwache mume wangu afanye kazi yake, niwe nimenawa mikono.

Nikiri na jingine, maana linanichoma. Msimu wa kwanza Rosa alipalilia ekari zote sita, na mimi nilimpa chakula na doti moja ya kanga. Basi. Nilikuwa najiambia namsaidia.

Mama ameacha kula mchana. Anasema, "Mimi nilipoletwa hapa nilikuwa mdogo kuliko huyu, na hakuna aliyeniuliza tarehe."

Nifanye nini?

Mwenye Nyumba ya Kumi, Tandahimba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Msalimie mama, mwambie ale. Njaa yake haitamsaidia Rosa.

Umeniuliza swali moja, lakini barua yako ina mawili na mtu wa tatu. Swali la kwanza ni la Rosa: arudi au asirudi, na akibaki abaki vipi. La pili ni la kwako na mwenzio, mnaolala kitanda kimoja na karatasi ile iko mezani. Na mtu wa tatu nitamfikia baadaye, maana kwenye barua yote hujamnukuu hata neno, ila kuomba maji.

Nianze na mto, kwa sababu mto naujua. Nimekulia Kilambo, nikivushwa kwenda kwa shangazi zangu upande wa pili kabla sijajua kusoma. Kiangazi, Ruvuma hauvukwi mara moja. Unashuka ukingo, unatembea kwenye mchanga mpaka nyayo zinaungua, unafika mkono wa maji, magoti tu, unavuka na viatu mkononi. Mchanga tena. Kisha unafika mkondo wenyewe, mweusi, wenye viboko na mamba, na hapo unamwita mwenye mtumbwi. Ukishavushwa unaweza kukuta mchanga mwingine mbele. Ukimuuliza mtu wa huku "ulivukaje?" asubuhi atakuambia kwa mtumbwi, jioni atakuambia kwa miguu, na mara zote mbili amesema kweli. Aliyemhoji Rosa huenda anatoka mahali ambapo mto ni daraja. Simlaumu kwa kutoujua Ruvuma, ila alipaswa kuuliza swali la tatu: "Mbona mara ile ulisema hivi?" Kwa unavyoeleza, halikuulizwa.

Tarehe nazo ni vivyo hivyo. Muulize mama yako: mdogo wako wa mwisho alizaliwa lini? Atakuambia ni mwaka ule ugonjwa wa ubwiri unga uliposhika maua ya korosho, tukakosa hata ada. Rosa naye ana kalenda yake: muhogo ulikuwa umefika wapi, mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo, mto ulikuwa umepungua kiasi gani. Kwa kalenda hiyo mtu mwenye subira anaweza kuipata ile wiki. Kwa fomu yenye visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, atapata mwanamke aliyenyamaza, kisha ataandika kwamba alishindwa kujibu.

Kwa hiyo mume wako anaposema "serikali imeona ni mwongo", mtengenezee jambo moja hapo, kwa upole. Karatasi imesema maelezo hayakumridhisha aliyeyasikiliza. Kuhusu shamba lake Nangade na nani anapita hapo usiku, imesema mstari mmoja tu: kumetulia. Mtu anaweza kueleza vibaya na bado akawa anakimbia moto wa kweli. Hayo ni maswali mawili, na nchi yetu ilishakubali siku nyingi kwamba ni mawili. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unakataza kwenye ibara ya 33 kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini kwa sababu ya asili yake, dini yake, siasa na mengine ya namna hiyo. Na sisi Waafrika tulikwenda mbele zaidi. Mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyeikimbia nchi kwa sababu sehemu yake imeingia kwenye fujo kubwa, bila kumdai athibitishe kuwa wauaji walikuwa wanalijua jina lake. Sheria yetu wenyewe ya Wakimbizi ya 1998 imelichukua hilo. Ndiyo maana ile hoja ya tatu, kwamba hakueleza kwa nini wamtafute yeye hasa, mimi imenishangaza kuliko hata ya mtumbwi. Kijiji kizima kimeteketea, kwa nini yeye peke yake aeleze alilengwa vipi?

Tuje kwenye "kumetulia". Vita vya Cabo Delgado, jimbo la kwao Rosa, vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia. Machi 2021 Palma ilivamiwa, na mwezi uliofuata kampuni ya Kifaransa iliyokuwa ikijenga mtambo wa gesi Afungi, karibu na Palma, ikasimamisha kazi. Julai mwaka huohuo wakaja askari wa Rwanda na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wetu wakiwemo, miji ikarudishwa, na kweli watu wengi wamerejea makwao, tusikatae. Lakini jeshi lile la SADC liliondoka 2024, na Mei ya mwaka huohuo mji wa Macomia ukavamiwa mchana kweupe. Wanaohesabu vifo vya vita hivyo wameshapita 6,000. Wapiganaji hawa wakifukuzwa mjini wanahamia vichakani, vikundi vidogovidogo, na wanaokutana nao ni watu walioko shambani, mtu kama Rosa. Mtambo wa gesi ukirudi kufanya kazi unarudi na ukuta, uwanja wa ndege na askari wa kuulinda. Anayesema "gesi inarudi, kwa hiyo kumetulia" anapima usalama wa Afungi, halafu anaupeleka Nangade kwenye nyumba ya majani.

Sisemi hayo ili umgombanishe mzee na serikali yake. Uoga wa Kitaya si wa kuchekwa. Mimi nilikuwa Mtwara mjini Oktoba ile, nakumbuka tulivyolala na simu chini ya mto. Mtu aliyemzika mpwa, au aliyekosa kumzika, ana haki ya kuuliza nani anakaa chini ya paa lake. Ila nadhani umemwelewa nusu. Orodha imekaa mezani siku sita. Angekuwa na uhakika, angeijaza siku ya kwanza, mstari mmoja ni dakika ngapi? Mtu anayeacha mstari mmoja wazi siku sita, tena mezani mahali mkewe anapoandaa chai, anataka kuulizwa jambo. Umeshawahi kumuuliza habari za yule kijana? Sizungumzii Kitaya, nazungumzia kijana mwenyewe: alipenda nini, alikuwa anamwitaje mjomba wake. Labda umemuuliza. Kwenye barua halionekani.

Na hili nalo mwambie, maana ni kweli tupu: waliochoma Kitaya na waliochoma kijiji cha Rosa ni watu walewale. Mumewe anaweza kuwa ametekwa, anaweza kuwa amekufa. Anaweza hata kuwa kambi ya waliohama makazi huko Pemba ya Msumbiji au Montepuez, akimtafuta mkewe kama anavyotafutwa. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta watu waliopotezana vitani, kwa majina, mpaka nchi ya pili. Hilo halidai kibali cha ukimbizi. Lingempa Rosa jibu, na lingempa mume wako jibu la swali lake la "unajuaje".

Sasa zile njia zako tatu.

Ya laki tatu sitaizungushia maneno. Kitambulisho cha kughushi kinaweza kumfunga Rosa na kukufunga wewe, na mwenye kukuuzia atakuwa wa kwanza kukutaja. Kuna na hatari ambayo nadhani hukuiona. Ofisa akishakamata karatasi ya uongo nyumbani kwako ataomba na za wengine. Mama yako kazaliwa Mueda. Karatasi zake ziko wapi? Je, ziko sawasawa? Unaweza kuwa unanunua taabu ya watu wawili kwa hela ya mmoja. Tena angalia jambo lenyewe: mpaka sasa kitu chenye nguvu alichonacho Rosa ni kwamba amesema kweli yake, hata kama aliisema kwa kukwama. Siku atakayoshika kitambulisho cha kughushi, ile karatasi inayomwita mwongo itakuwa imepata ushahidi.

Masasi, kwa dada. Ninaelewa moyo unavyokwenda huko. Lakini sheria ya uhamiaji inamhesabu mwenye kumhifadhi mtu asiye na kibali kuwa mkosaji, na dada yako naye ana watoto. Mtu aliyefichwa pia anakuwa wa bei rahisi. Anayejua siri yake anaweza kumfanyisha kazi bila malipo, anaweza kumtaka kimwili, na hana pa kushtaki. Mtoto hataandikishwa shule, na kadi ya hospitali ataipata kwa jina la mwingine. Wapo waliolazimika, wakaishi hivyo miaka, na siwezi kukuambia kwamba wote walikosea. Ninachosema ni kwamba kwa Rosa mapema bado, maana kuna mlango haujagongwa.

Mlango huo ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Muda wa kufanya hivyo kisheria ni mfupi sana, unahesabiwa kwa siku, na karatasi imeshakaa nyumbani mwezi. Kwa hiyo usisubiri toleo lijalo la safu hii. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya awaonyeshe msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watu hao wapo, na hawatozi. Rosa aende na karatasi yake, ile ya kwenye kifuko cha chumvi, na mtu anayesema Kimakonde cha ng'ambo vizuri. Aeleze mto, mchanga kwa mchanga. Aeleze msimu, na mtu mwingine ageuze msimu kuwa mwezi. Aeleze na kuchelewa. Sheria inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7, hata kwa mtendaji wa kijiji inatosha, na yeye alichukua wiki tatu; basi mguu uelezwe, na kama kuna kadi ya zahanati ya siku zile, itafutwe. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nao waandikiwe. Mnaweza kufanya yote hayo na jibu likawa lilelile. Nakuambia mapema ili usije ukadhani nilikuahidi. Tena kujitokeza kunamweka machoni pa watu, na hilo lina hatari yake. Msaidizi wa kisheria awaambie wazi akikamatwa njiani itakuwaje, kabla hajaondoka nyumbani.

Na ya tatu, kumwachia mume "afanye kazi yake". Hapa nadhani wote wawili mmeifanya ile orodha iwe kubwa kuliko ilivyo. Rosa ameshaandikwa kwa mtendaji. Amehojiwa mara mbili. Karatasi ya kukataliwa ilimfikia kwenu kwa sababu wanajua yuko kwenu. Jina lake kuachwa halitamficha, litamfanya balozi tu aonekane ameficha. Na jina lake kuandikwa si lazima liwe kumtoa. Inategemea linaandikwaje. "Mgeni, raia wa Msumbiji" ni jambo moja. "Mwomba hifadhi, alifika 2022 na mtoto, alijitokeza kwa mtendaji, ameomba uamuzi uangaliwe upya" ni jambo lingine, na lote ni kweli. Sijui kama mume wako atakubali kuandika mstari mrefu hivyo. Sijui pia kama ombi litakuwa limepelekwa kabla orodha haijachukuliwa. Ndiyo maana nimesema msisubiri. Lakini mstari mrefu ni kitu ambacho mnaweza kukizungumza mezani, ninyi wawili, bila mmoja kumshinda mwenzake.

Mimi mwenyewe nina msimamo, na si haki nijifanye sina. Kumpakia mtu kwenye gari na kumshusha mahali alikokimbia kuokoa roho yake, wakati bunduki hazijanyamaza, naona ni dhambi, awe amekubaliwa au amekataliwa. Nusu ya kwanza ya mwaka 2021, UNHCR walisema zaidi ya watu 9,000 walirudishwa kwa nguvu Msumbiji kutoka huku kwetu, wakipitishiwa Negomano. Negomano ni ule upande wa pili wa Daraja la Umoja, pale Mtambaswala. Mei 2010 Rais Kikwete na Rais Guebuza wa Msumbiji walilifungua, na sisi akina mama wa Mtwara tukaimba mpaka sauti zikakauka, undugu umepata barabara. Sikujua undugu unaweza kutembezwa upande mmoja.

Nchi hii imefanya makubwa, na lazima lisemwe. Miaka ya sitini waliovuka kama bibi yako walipewa ardhi, Rutamba kule Lindi na kwingineko. Wapigania uhuru wao walifundishwa Nachingwea. Na mwaka 1983 Mwalimu alipewa tuzo ya Nansen kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Serikali iliyolea wengi hivyo ina haki ya kusema imechoka, na ina wajibu wa kuwalinda watu wa Kitaya. Hata uchovu una njia za halali. Mkataba ule wa 1969 unasema kurudi kuwe kwa hiari. Hiari maana yake aulizwe.

Ndipo nafika kwa yule mtu wa tatu. Rosa anataka nini?

Umenieleza mumeo anasema nini, mama anasema nini, kijana wa laki tatu anasema nini. Rosa kakunja karatasi akarudi kwenye korosho, na wewe ukatamani alie. Pengine hakulia kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu ambacho kingemfungua. Inawezekana anataka kurudi, si Nangade, labda kwa ndugu Montepuez, akiwa na uhakika wa usafiri na wa mtu wa kumpokea. Akitaka hivyo, kwa moyo wake, ni jambo tofauti kabisa na kuondoshwa, na linahitaji maandalizi: nani yuko huko, njia ipi, nani amepita hivi karibuni. Au hataki hata kusikia. Au anataka mtoto abaki na yeye aende kumtafuta mume, jambo ambalo ningeliogopa, lakini ni lake. Kaa naye wakati mnabangua, mikono ikiwa na kazi, macho yakiwa chini. Mama awepo, kwa ajili ya lugha. Usianze na ushauri wangu.

Na kabla ya hapo kuna ekari sita. Nimefurahi kwamba hukulificha. Huwezi kumuuliza mtu anataka nini wakati unamdai shukrani na yeye anakudai ujira, na nyote mnajua. Zile hela ulizoanza kuweka pembeni kwa ajili ya yule kijana, ni zake. Palizi ya ekari moja huko kwenu inalipwa bei gani? Zidisha kwa sita. Mpe mkononi, mume wako akiona, umwambie ni za msimu gani. Atazihitaji kwa nauli ya kwenda wilayani, na akizitumia kwa kitu kingine usimuulize.

Mwambie mwanao wa kidato cha tatu aandike upya ile karatasi kwa Kiswahili, yote, hata mistari aliyoiruka. Rosa aisikie mara ya pili kwa lugha anayoifahamu kiasi, mama amfafanulie kwa Kimakonde. Huenda kuna tarehe ya mwisho humo ambayo hamkuisikia, mlikuwa mnasubiri aliye.

Na yule mtoto mwacheni alale na viatu vyake. Ana miaka saba, mguu unakua. Angalieni tu visije vikawa vimeanza kumbana.